Louis Leakey, mwana wa misheni

Louis Leakey alizaliwa mwaka 1903 huko Kabete, Kenya, katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana. Baba yake alishiriki kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Louis naye alitaka kuwa mmisionari, lakini mifupa ya kale ilimvuta. Mwaka 1959, huko Olduvai, mke wake Mary alipata fuvu lililokadiriwa kuwa na miaka 1,750,000. Louis alifundisha kwamba mwanadamu alitokana na viumbe vya kale, na hakuona hilo linapinga Biblia. Alifariki London mwaka 1972.

Wakristo wengi hawakumfuata, hata sisi wengi hapa Kapata. Si kwamba tunaogopa mifupa. Mwanzo yafundisha kwamba Mungu aliumba mtu kwa mfano wake, na Warumi 5 yaunganisha anguko la Adamu na wokovu wa Kristo. Adamu akiondolewa, tunauliza, msalaba ulikuja kuponya nini?

Tena huku Kolwezi mchimbaji hupimwa kwa magunia ya madini. Sisi twashika kwamba thamani yake yatoka kwa Muumba. Wapendwa, watoto wetu wasome shuleni bila woga, wakijua neno hilo.