Jack Barry: Aliyeuzwa kwa dola 8,000, akajenga jina kwa miaka 40

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anajua kwamba bei na thamani si kitu kimoja. Gunia lile lile la maharage lina bei yake upande huu na bei nyingine upande wa pili, na njiani halikuongezeka wala kupungua hata kilo moja. Hali ni hiyo hiyo kwa wachezaji. Mwaka 1915 Mmarekani mmoja aliuzwa kama bidhaa nyingine yoyote kwa dola 8,000. Miaka minne baadaye waliomnunua wakataka kumpitisha sokoni tena. Safari hiyo alikataa, akarudi katika chuo kidogo alikosomea, na hapo akafanya kazi hadi siku ya kufa kwake.

Mtu huyo alikuwa Jack Barry, kocha wa besiboli wa Chuo cha Holy Cross.

Jina lake kamili ni John Joseph Barry. Alizaliwa Aprili 26, 1887 huko Meriden, katika jimbo la Connecticut, mji wa viwanda uliosifika kwa vyombo vya fedha. Alijiunga na Holy Cross, chuo cha mapadre Wajesuiti kilichoanzishwa mwaka 1843 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. Chuo hicho hakikuwa na wanafunzi wengi wala fedha za vyuo vikuu vya majimbo. Hata hivyo kiliipenda sana besiboli, na Barry aliichezea timu yake hadi mwaka 1908.

Kwa asiyeufahamu mchezo huo, timu moja hupiga na nyingine hulinda. Mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Akifaulu, hukimbia kuzunguka vituo vinne, na anayerudi salama nyumbani, yaani kituo alichoanzia, huipatia timu yake alama moja. Walinzi hujitahidi kuudaka mpira na kuufikisha kituoni kabla ya mkimbiaji. Barry alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mipira mingi huelekea hapo, na mlinzi wa nafasi hiyo hana muda wa kufikiri mara mbili.

Safu ya dola 100,000

Mwaka huo huo wa 1908 Barry alichukuliwa na Connie Mack, meneja wa Philadelphia Athletics, moja ya timu za ligi kuu. Mack alikuwa mtu mpole aliyeongoza timu akiwa amevaa suti badala ya sare ya michezo. Alipenda vijana waliosoma vyuoni, kwa imani kwamba mchezaji anayetumia akili hufundishika upesi.

Mwanzo haukuwa rahisi. Mwaka 1909 Ty Cobb wa Detroit, mchezaji hodari na mkali kuliko wote wa wakati wake, aliteleza kuingia kituoni na njumu zake zikamchana Barry mguu. Msimu wa Barry ukaishia hapo. Mwaka uliofuata alirudi, na ndipo Philadelphia ilipoanza kutawala.

Katika safu ya ndani ya ulinzi walisimama vijana wanne: Stuffy McInnis kituo cha kwanza, Eddie Collins cha pili, Frank Baker cha tatu, na Barry kati ya Collins na Baker. Magazeti yaliwapa jina la safu ya dola 100,000, kwa maana kwamba hata fedha nyingi kiasi hicho, kwa nyakati hizo, zisingetosha kuwanunua wote. Wakiwa na Barry, Athletics walitwaa ubingwa wa fainali kuu, World Series, mwaka 1910 na 1911, na tena mwaka 1913.

Kati ya wanne hao, Barry ndiye aliyekuwa na takwimu ndogo kuliko wote. Katika maisha yake yote ya ligi kuu, kwa kila mara 100 alizosimama kupiga, alifaulu mara 24 hivi. Collins na Baker walimwacha mbali, na wote wawili leo wamo katika Jumba la Heshima la besiboli, ambamo Barry hayumo. Kazi yake ilikuwa ile isiyoandikwa kirahisi katika daftari. Aliwahi mipira iliyoonekana imekwisha kupita. Alikubali kutolewa ili mwenzake asogee kituo kimoja mbele. Pamoja na Collins alisifika kwa kuvuruga mbinu ya wakimbiaji wawili kuondoka kwa mpigo, ambapo mmoja hujitoa kama chambo ili wa pili apate kufika nyumbani.

Duka lilipofungwa

Mwaka 1914 Athletics walifika tena fainali, lakini Boston Braves wakawafunga michezo minne kwa bila. Wakati huo ligi mpya ilikuwa imeingia sokoni na kupandisha mishahara, ikiwarubuni wachezaji wa timu zote. Mack aliona hataweza kushindana kwa fedha, akaanza kuuza. Collins alikwenda Chicago kwa dola 50,000. Julai 2, 1915 ikafika zamu ya Barry, akanunuliwa na Boston Red Sox kwa dola 8,000.

Pengo kati ya bei hizo mbili linaeleza jinsi soko lilivyowapima. Lakini yaliyofuata yanaeleza jambo lingine. Baada ya kuuza watu wake, Mack aliipata hasara uwanjani: Athletics walimaliza mkiani mwaka huo wa 1915 kwa kupoteza michezo 109, na wakabaki mkiani kwa miaka saba mfululizo. Red Sox kwa upande wao walimhamishia Barry kituo cha pili, wakawa mabingwa mwaka huo huo. Mwaka 1916 walitwaa ubingwa tena, ingawa Barry hakucheza fainali hizo kwa sababu ya kuumia.

Mwaka 1917 Boston walimpa umeneja huku akiendelea kucheza. Katika kikosi chake alikuwamo mrushaji kijana aliyeitwa Babe Ruth, ambaye baadaye angekuwa mchezaji maarufu kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Kipaji chake kilikuwa kikubwa, na hasira zake zilikuwa kubwa vilevile. Juni 23, 1917, katika mchezo dhidi ya Washington, Ruth alibishana na mwamuzi juu ya mpigaji wa kwanza kabisa, akatolewa nje, akamrushia ngumi. Barry alilazimika kupata mrushaji mwingine papo hapo. Alimwita Ernie Shore, ambaye hakuwa na muda wa kupasha misuli vizuri. Mkimbiaji aliyekuwa kituoni alinaswa akijaribu kusogea, kisha Shore akawatoa wapigaji wote 26 waliofuata, mmoja baada ya mwingine. Boston ilishinda kwa alama 4 bila, na mchezo huo unasimuliwa hadi leo.

Msimu huo Red Sox walishinda michezo 90 na kupoteza 62, wakashika nafasi ya pili. Kisha Marekani ikawa vitani. Barry alijiunga na jeshi la majini, akakosa msimu wote wa 1918. Timu aliyoiacha, chini ya meneja mwingine, ikawa bingwa.

Aliporudi mwaka 1919, nafasi ya umeneja ilikuwa imekwenda na mwili wake ulikuwa umechakaa. Katikati ya mwaka Boston ilipanga kumrudisha Philadelphia katika mabadilishano ya wachezaji, kwenye timu ile ile iliyokuwa imemuuza. Barry hakwenda. Alikuwa na umri wa miaka 32, na badala ya kuhamishwa mara nyingine, akaacha kucheza.

Kurudi Worcester

Mwaka 1921 Holy Cross ilimkabidhi timu yake ya besiboli. Wengi waliotoka ligi kuu walizichukulia kazi za vyuo kama kituo cha kupumzikia hadi nafasi nzuri ipatikane. Barry aliichukua kama kazi ya kudumu, akabaki nayo miaka 40.

Kazi ya kocha wa chuo ina ugumu wake. Mchezaji huja akiwa kijana asiyejua mengi, na mara anapoiva humaliza masomo na kuondoka. Kila mwaka kocha huanza upya na mali ghafi. Tena Worcester iko kaskazini, ambako baridi huchelewa kuisha na msimu wa kucheza nje ni mfupi, ilhali wapinzani wa majimbo ya kusini hucheza kwenye jua mapema. Katika miaka hiyo 40 ulipita mdororo mkubwa wa uchumi, vikaja Vita vya Pili vya Dunia vilivyowachukua vijana wengi wa rika la kucheza, lakini timu ya Barry iliendelea kushinda.

Hesabu yake inashangaza. Alishinda michezo zaidi ya 600 na kupoteza takriban 150. Ni kusema, katika kila michezo 10 alishinda karibu 8. Uwiano huo unahesabiwa miongoni mwa bora kabisa katika historia ya besiboli ya vyuo. Haukujengwa na kikosi kimoja cha bahati. Ni vijana wa rika kumi tofauti, wakipokezana uwanja ule ule wa Fitton na kocha yule yule.

Mmoja wa vijana wa mwanzo alikuwa Ownie Carroll, mrushaji ambaye katika miaka yake yote ya chuo alipoteza michezo miwili tu. Carroll alikwenda kucheza ligi kuu, kisha naye akawa kocha, akikinoa kikosi cha Chuo Kikuu cha Seton Hall huko New Jersey kwa miaka mingi. Uwanja wa chuo hicho una jina lake. Mafundisho aliyoyapata Worcester aliyapeleka kwa watu wengine.

Safari ya Omaha

Kwa muda mrefu Barry hakuwa na ubingwa wa taifa wa kugombania, kwa kuwa haukuwapo. Mashindano ya kumpata bingwa wa vyuo yalianza mwaka 1947, na kutoka mwaka 1950 yakawa yanafanyika Omaha, katika jimbo la Nebraska, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Worcester. Chuo cha Yale, jirani wa Holy Cross katika majimbo ya New England, kilifika fainali mara mbili za kwanza na kushindwa zote. Katika kikosi hicho alikuwamo George Bush, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani.

Mwaka 1952 Holy Cross ilifuzu. Barry alikuwa ametimiza miaka 65. Omaha walikutana na vyuo vikubwa kama Texas, ambacho kilikuwa kimetwaa kombe mwaka 1949 na 1950. Duke nacho kilikuwapo, kikiongozwa na Jack Coombs, mrushaji aliyekuwa pamoja na Barry katika kikosi cha Mack cha 1910 na 1911. Zaidi ya miaka 40 tangu ubingwa wao wa kwanza, vijana wawili wa zamani wa Philadelphia walikutana wakiwa wazee, kila mmoja na wanafunzi wake.

Kanuni ya mashindano ilikuwa timu kuaga ikishindwa mara mbili. Holy Cross ilishindwa mara moja mapema, na tangu hapo kosa moja tu lingewarudisha nyumbani. Hawakulifanya. Walishinda mchezo baada ya mchezo hadi fainali, na huko wakaifunga Missouri alama 8 kwa 4. Mrushaji wao, James O'Neill, alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Chuo kidogo cha Worcester kikawa bingwa wa taifa. Hadi leo hakuna chuo kingine cha New England kilichowahi kulitwaa kombe hilo.

Hesabu ya mwisho

Barry hakuutumia ubingwa huo kutafuta dau kubwa kwingine. Alirudi Fitton, akaendelea na vijana wapya. Mwaka 1954 Athletics, timu iliyomuuza, iliuzwa yenyewe na kuhamishwa kutoka Philadelphia. Yeye alikuwa angali pale pale.

Alifariki dunia Aprili 23, 1961, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 74. Ilikuwa majira ya kuchipua, wakati wa msimu wa besiboli, na bado alikuwa kocha wa Holy Cross. Mwaka 1966, makocha wa besiboli wa vyuo vya Marekani walipofungua Jumba lao la Heshima, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuingizwa.

Dola 8,000 za mwaka 1915 zilikuwa bei ya miguu, mikono na gongo la mchezaji wa miaka 28, na kwa kipimo hicho huenda hazikukosewa sana. Ujuzi wa kufundisha haukuwa kwenye mizani siku ile. Waliokuja kuujua ni watu wa Worcester, ambao hawakulipa hata senti moja kumnunua: walimpa kazi tu, naye akakaa.