Robert Koch, Daktari Aliyepita Ziwani Kwetu

Tukisoma Baiolojia sekondari, Robert Koch anapita kwa mstari mmoja tu: Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Unakariri, unajibu mtihani, unasonga mbele. Mimi nasomea ualimu, na Mungu akipenda muda si mrefu nitasimama mbele ya darasa kumfundisha huyu huyu, kwa hiyo nikaona nimsome vizuri kidogo. Nilichokuta ni kwamba mzee huyu alifika kwetu. Alifika Dar es Salaam, akafika Mwanza, akafanya kazi miezi mingi Ziwa Victoria. Na vita yake dhidi ya malale ikaacha kambi hadi Shirati, ambayo mpaka mwaka 2007 ilikuwa Wilaya ya Tarime, kabla Rorya haijawa wilaya inayojitegemea. Kwa mtu niliyekulia Bomani, hilo si jambo la kupita hivi hivi.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa migodi, na nyumba ilikuwa na watoto wengi kama boma la Mkurya wa zamani. Alisoma udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Hakuanza na maabara kubwa wala mshahara mnono. Mwaka 1872 alipangiwa kuwa daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Fikiria mganga wa wilaya wa kwetu: asubuhi wagonjwa, mchana ripoti, jioni kuitwa kijijini.

Huko Wollstein kondoo na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kimeta. Wafugaji wa Serengeti na Tarime mnaujua ugonjwa huu, mnyama anaanguka ghafla na anayechuna ngozi naye anaugua. Koch alitenga pembeni ya chumba cha kutibia wagonjwa, akaweka hadubini, akafuga panya, akaanza kuchunguza damu. Mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta kinatokana na bakteria maalumu, na kwamba bakteria huyo hujifunga ndani ya gamba gumu na kukaa ardhini muda mrefu akisubiri mnyama mwingine. Ndiyo maana malisho yaliyoua ng'ombe mwaka huu yanaweza kuua tena baadaye. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuthibitisha hatua kwa hatua kwamba kimelea fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani.

Baada ya hapo akaitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake na kuonyesha bakteria wa kifua kikuu. Wakati huo ilikadiriwa kwamba katika kila watu saba waliokufa, mmoja aliuawa na ugonjwa huo, na wengi waliamini ni wa kurithi au ni mkosi wa ukoo. Ndiyo maana hadi leo tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka 1883 akaenda Misri, kisha India, akarudi na habari ya bakteria wa kipindupindu anayesafiri kwenye maji.

Hapa ndipo nilipoelewa maana ya afya ya jamii kuliko nilivyoielewa kwenye notsi. Daktari wa kawaida anamtibu mtu aliyelala kitandani. Afya ya jamii inauliza huyu mtu aliugua kutoka wapi, na nani anafuata. Mfano mzuri ni Hamburg mwaka 1892. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji ule, ambao ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani kabisa, ulitumia maji ya mto huo huo lakini uliyapitisha kwanza kwenye mchanga, na ukapona kwa kiasi kikubwa. Koch alitumwa kusimamia hali, na akasema wazi kwamba tatizo ni maji. Mgonjwa mmoja mmoja hawezi kujijengea chujio la mji, hiyo ni kazi ya serikali.

Lakini nisiwapambie. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, huku akificha imetengenezwaje. Wagonjwa wakafurika Berlin kutoka kila upande. Dawa haikuponya, na wengine walikufa baada ya kuchomwa. Baadaye ilibaki kuwa kipimo tu cha kujua nani ameambukizwa. Kwao Ulaya yalizuka maswali makali: magazeti yaliandika, madaktari walibishana, na jina lake likachafuka kwa muda.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Wajerumani, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Kipindi hicho pia alithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, upande wa Bukoba, ulikuwa tauni. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobeli. Angeweza kupumzika. Badala yake mwaka 1906, akiwa na miaka 62, akarudi Afrika Mashariki kwa ajili ya malale.

Malale yalikuwa yameikausha pwani ya Ziwa Victoria. Upande wa Uganda peke yake watu waliokufa miaka ile wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Vijiji vizima vilibaki magofu. Tayari ilijulikana kwamba kimelea huletwa na mbung'o. Koch alianzia Mwanza, kisha akahamia visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, ambako wagonjwa walikuwa wengi. Huko Bugala alipiga kambi, na watu walimjia kwa mitumbwi na kwa miguu, wengine wamebebwa, kwa sababu walikuwa wanakufa na hakukuwa na kingine.

Aliwatibu zaidi ya watu 1,000 kwa atoksili, dawa yenye arseniki, yaani sumu kwa kipimo. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Nafuu haikudumu, vimelea vikarudi kwenye damu. Koch akaongeza kipimo. Maumivu na kizunguzungu vikazidi, wengine wakakimbia kambi. Kisha zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka, moja kwa moja, kwa sababu dawa iliua mshipa wa jicho. Ndipo akashusha kipimo. Hata hivyo aliporudi Ujerumani mwaka 1907 bado aliitetea atoksili, na akapendekeza wagonjwa wakusanywe kwenye makambi, watengwe na wenzao. Makambi yakaanzishwa upande wa Wajerumani, mojawapo Shirati. Koch mwenyewe alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Vitabu tunavyofundishia vina jina lake. Jina la hata mmoja wa wale waliopofuka hakuna.

Nikiwa darasa la nne, wahudumu walikuja shuleni kugawa dawa za kichocho na minyoo. Baadhi ya akina mama walikuja kuwachukua watoto wao, na bibi yangu alikuwa mmojawapo. Aliuliza dawa imetoka wapi, imejaribiwa kwa nani, na mtoto akizidiwa usiku nani atakuja. Mwalimu mmoja akawaita washamba. Bibi aliondoka na mimi bila kujibiwa, na mwaka ule sikumeza. Nimemkumbuka sana nikisoma habari za Ssese. Dawa ile ya kichocho ni nzuri na inaokoa watoto, hilo silipingi, na ilipokuja tena nilimeza. Lakini maswali ya bibi yalikuwa ndiyo maswali yenyewe ya afya ya jamii, na yalistahili jibu la dakika tano. Watu wa Berlin walipodhurika na tuberkulini, kulikuwa na magazeti ya kuuliza kwa niaba yao. Wa Ssese hawakuwa na wa kuuliza. Mtu anayeuliza leo ana haki ambayo wao hawakuwa nayo.

Kuna wenzangu watasema tumfute Koch, alikuwa mtu wa wakoloni. Mimi nasema hapana. Bila kazi yake hakuna anayejua kupima makohozi. Wengine watasema yale ya Ssese yalikuwa mambo ya zama zile, tuyaache. Hapo pia sikubali, maana tuberkulini ilikuwa imeshampa somo miaka 16 kabla, na alilisahau alipofika mahali ambapo hakuna wa kumdai hesabu. Nikianza kufundisha, nitampa mwanafunzi yote mawili katika kipindi kimoja, Wollstein na Bugala, halafu nimwache aulize.

Na kwa sisi tunaobebana hosteli, wanne chumba cha wawili na madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu: kifua kikuu kinapenda vyumba kama hivyo. Ukiona mwenzako anakohoa zaidi ya wiki mbili, anatoka jasho usiku na kukonda, msindikize akapime. Kupima ni bure, dawa ni bure, na matibabu huchukua miezi sita bila kukatisha. Akiuliza dawa hizo ni za nini na zitamfanya nini, asijibiwe kwa mkato. Akae na mhudumu mpaka aelewe.