Garrincha: walichukua miguu, wakamwacha mtu

Hapa Kindu, kutoka Kasuku hadi Alunguli ng'ambo ya Lualaba, kila timu inajua swali hili. Kuna kijana anayecheza kuliko wenzake wote, lakini pombe imemkamata, ama amewaacha mke na watoto. Je, tumchukue ama tumwache? Maisha ya Garrincha wa Brazili yanatusaidia kujibu.

Jina lake halisi lilikuwa Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa mwaka 1933 Pau Grande, mji mdogo wa kiwanda cha nguo karibu na Rio de Janeiro. Garrincha ni jina la ndege mdogo, nalo alipewa nyumbani. Miguu yake ilikuwa imepinda, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Baba yake alikuwa mlevi, na mtoto naye akaonja pombe kali ya muwa mapema. Akiwa kijana alifanya kazi katika kile kiwanda.

Mwaka 1953 alifika Botafogo, timu kubwa ya Rio. Husimuliwa kwamba siku ya majaribio alimpiga chenga Nilton Santos, beki wa timu ya taifa, naye Santos akawaomba viongozi wamsajili upesi. Walimpata kwa malipo madogo. Miaka mitano baadaye Brazili ilichukua Kombe la Dunia kule Uswidi, naye akiwa upande wa kulia. Mwaka 1962, nchini Chile, Pelé aliumia katika mechi ya pili. Garrincha akaibeba timu: alifunga mabao mawili dhidi ya Uingereza, mawili dhidi ya Chile, na kombe likarudi Brazili.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yakiharibika. Alikuwa na mabinti wanane kwa mkewe Nair, na watoto wengine nje. Aliiacha nyumba yake akaenda kuishi na mwimbaji Elza Soares. Pombe iliongezeka. Goti lake lilikuwa limechakaa, lakini alichomwa sindano ili aendelee kucheza, kwa maana watu walilipa kiingilio wamwone yeye.

Mwaka 1966 Corinthians ya São Paulo ilimchukua, akiwa na miaka 32. Jina lilikuwa kubwa bado, mwili ulikuwa umechoka. Hakudumu. Mwaka 1968 Junior ya Barranquilla, Kolombia, ilimchezesha mechi moja tu. Kisha Flamengo, kisha Olaria mwaka 1972. Mwaka 1969 alipata ajali akiendesha gari, na mama yake Elza akafa. Huzuni ile ilimzamisha zaidi katika pombe. Baadaye alimpiga Elza, naye Elza akaondoka. Garrincha alikufa Rio tarehe 20 Januari 1983, akiwa na miaka 49, pombe ikiwa imemmaliza. Maelfu walikuja kumlilia.

Tufikiri hapa. Kosa halikuwa kumsajili mtu mwenye matatizo. Barnaba alimchukua Sauli wakati wanafunzi walimwogopa. Alimchukua tena Marko, aliyekuwa amewaacha wenzake njiani, hata akatengana na Paulo kwa ajili yake. Miaka ilipopita, Paulo mwenyewe aliona kwamba Marko anafaa kwa kazi (2 Timotheo 4:11). Lakini Barnaba hakuchukua mikono ya Marko peke yake kwa kazi. Alimchukua Marko mzima, akasafiri naye.

Basi, ndugu viongozi wa timu, pamoja na ninyi mnaoongoza timu za vijana makanisani, mkimchukua kijana wa namna hiyo, mjue analala wapi na anakula na nani. Akiwa mgonjwa wa pombe, zawadi ya ushindi isiwe bia. Akikubali, sehemu ya pesa yake ifike mikononi mwa mama wa watoto wake. Akiumia, apumzike, hata kama fainali ni kesho. Na kama amempiga mke wake, msifunike jambo hilo kwa sababu anafunga mabao. Mwanamke yule naye ni kondoo wa Bwana. Mlinzi wake ni nani, kama kanisa linapiga makofi uwanjani?

Kijana naye ana sehemu yake. Hakuna anayeweza kutubu kwa niaba yake, na wengine watakataa mkono ulionyoshwa. Lakini asije akasema mbele za Mungu kwamba tulijua hesabu ya mabao yake, na hatukujua kilio cha nyumba yake.

Bwana awape timu zetu akina Barnaba.