Tarehe ya Bibi Parvin E'tesami, Mtunga Mashairi wa Uajemi

Wasomaji wetu wamezowea kuona katika ukurasa huu tarehe za masheikh na makadhi. Mara hii twawaletea tarehe ya mwanamke, tena mtunga mashairi, nasi hatuna budi kueleza tumemfikiaje. Katika fani ya mashairi sisi ni wageni. Beti tulizohifadhi utotoni ni za Alfiya ya Ibn Malik, nazo ni za nahau; hazikutungwa kumliza mtu wala kumchekesha. Kiajemi hatukijui. Kijana mmoja wa darsa letu ndiye aliyetuletea tafsiri ya Kiingereza ya baadhi ya tungo za Bibi huyu, iliyopigwa chapa mwaka wa 1985, akawa akisoma na kutufasiria. Tulipofika kati ya kitabu tulisema, na wanafunzi wanasikia, kwamba maneno haya hayawi ya mwanamke. Bila shaka ni ya babake. Neno hilo tulilisema sisi, na kwa ajili yake twaandika leo.

Alizaliwa mjini Tabriz tarehe 17 Machi 1907. Babake, Yusuf E'tesami, alikuwa mtu wa kalamu, mjuzi wa Kiarabu na Kifaransa. Kabla ya kuzaliwa binti huyu alikuwa amekwisha kukifasiri kwa Kiajemi kitabu cha Qasim Amin wa Misri juu ya hali ya wanawake, kile kilichozusha ugomvi mkubwa Cairo mwaka wa 1899. Wako wengi waliokisifu kitabu kile barazani na binti zao wasijue hata herufi. Huyu alianza nyumbani kwake. Alimsomesha Parvin Kiajemi na Kiarabu kwa mkono wake mwenyewe, akimpa hadithi za lugha za kigeni alizozifasiri ili azigeuze kuwa mashairi, kama mwalimu ampavyo mwanafunzi hesabu akaifanye. Jamaa walipohamia Tehran, nyumba yao ilikuwa ikiingiwa na wanazuoni wa lugha kama Dehkhoda na Malek osh-Sho'ara Bahar, na binti yule akiwasomea tungo zake. Alipokuwa na umri wa miaka kama 14 zilianza kuchapwa katika jarida la babake. Mwaka wa 1924 alimaliza masomo katika skuli ya wasichana ya Wamarekani pale Tehran, na siku ya kuhitimu akatoa khutuba juu ya mwanamke na tarehe. Alisomesha hapo muda mchache.

Diwani yake ilichelewa kutoka, na sababu yake yatupasa tuitazame vizuri. Babake aliogopa kuichapa kabla binti hajaolewa, watu wasije wakasema amtafutia mume kwa mashairi. Baba aliyekuwa na moyo wa kufasiri kitabu kile aliuogopa ulimi wa majirani! Aliolewa mwaka wa 1934 na binamu ya babake, akamfuata Kermanshah. Alikaa kiasi cha wiki kumi, akarudi kwa wazee wake. Mwaka uliofuata waliachana, naye akayaacha mahari yake ili awe huru. Jambo hili lina mlango wake katika fiqhi yetu, wala si aibu. Khabari za ndani ya nyumba ile hakuzitangaza. Mwaka huo huo wa 1935 diwani ikatoka na tungo 156, na dibaji yake ameiandika Bahar.

Tungo zake nyingi ni munadhara, yaani majibizano, na mtu wa pwani hatazionea ugeni, kwani kujibizana kwa beti ni mchezo wetu wa tangu zamani. Ila kwake wanaojibizana huwa ni vitu vya jikoni na vya njiani. Kitunguu thomu chamcheka kitunguu maji kwa kunuka. Katika utungo mwengine, muhtasibu amkamata mlevi barabarani. Amtisha kwa kadhi na kwa liwali, kisha amwambia atoe dinari kwa siri ajiokoe. Na kila jibu la mlevi lamrudia yule mwenye sharia mkononi. Tuliposomewa hayo tulicheka, halafu tukanyamaza. Upo pia utungo wa yatima anayemwona mfalme akipita, akauliza ni nini kile king'aacho katika taji, na bibi kizee ndiye anayemjibu kimetoka wapi. Haya yalitungwa katika zama za Reza Shah, wakati ambapo maneno kama hayo yalikuwa na khatari.

Basi watu wakasema yale yale tuliyoyasema sisi. Wengine walidhani Parvin ni mwanamume, hata akatunga beti kuwasahihisha. Wengine walimpa sifa hizo babake au rafiki za babake, na uvumi haukufa pamoja naye. Lakini babake alipofariki, mwaka wa 1938, ni nani aliyemtungia marthia? Ni binti yake, na marthia hiyo imo katika diwani. Nasi hapa tuna Mwana Kupona, ambaye utendi wake twausoma na hakuna atakaye ushahidi kwamba ni wake. Kwa nini basi tulimtaka Bibi wa Tabriz alete mashahidi?

Lipo tusilokubaliana naye. Mwaka wa 1936 Reza Shah aliamuru wanawake wavuliwe shera, na askari wakawavua kwa nguvu njiani. Bibi Parvin ana utungo ulioisifu zama hiyo kwa kumfungulia mwanamke mlango wa ilimu, na kwa kusema kwamba sitara ya kweli ni tabia njema. La ilimu twaliunga mkono. La kumsifu aliyetuma askari hatuliungi. Hata hivyo, mwaka huo huo serikali ilipompa nishani aliikataa.

Alifanya kazi ya kutunza vitabu katika chuo cha waalimu kwa miezi michache. Aprili 1941 alifariki kwa homa ya matumbo, umri wake miaka 34, akazikwa Qom karibu na babake. Katika karatasi zake zilionekana beti alizojitungia za kaburi lake, zikachongwa juu yake. Nduguye akaitoa diwani mara ya pili mwaka huo, ikiwa na tungo 209.

Kitabu cha tafsiri kiko kwetu. Wa kwanza kukiazima wamekuwa wanawake wa darsa la Alkhamisi. Kikirudi, atakaye na aje baada ya Alasiri.