Rayleigh na Mwanga wa Viputo
Wanafunzi wangu wa isimu huniuliza elimu isiyoleta faida papo hapo ni ya nini. Huwajibu kwa maisha ya Lord Rayleigh, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1842. Akijiuguza katika safari ya mto Nile mnamo 1872, alianza kuandika kitabu chake kikuu kuhusu sauti. Mwaka wa 1904 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mnamo 1917, rafadha za meli zikiliwa na viputo, alikokotoa jinsi kiputo kinavyoporomoka na shinikizo kupanda mno. Alifariki 1919. Mwaka wa 1934, huko Cologne, maji yaliyotikiswa kwa sauti isiyosikika yaligunduliwa kutoa mwanga. Waliokuja kuueleza walianzia kwenye hesabu yake. Walimu wenzangu, tusipime mbegu kwa mavuno ya msimu mmoja.