Ibn al-Jazzar, Tabibu wa Mafukara

Miongoni mwa wanavyuoni wa utabibu waliotukuka katika Maghribi ni Abu Jaafar Ahmad bin Ibrahim, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Jazzar. Alizaliwa Kairawani, katika nchi iitwayo leo Tunisia, mwishoni mwa karne ya tatu ya Hijra. Baba yake alikuwa tabibu, na ami yake vilevile. Alisoma kwao, kisha akasoma kwa Is-haka bin Sulaiman, tabibu wa Kiyahudi aliyetoka Misri. Wala tofauti ya dini haikumzuia kutafuta elimu kwa mwenye nayo.

Alipohitimu, lau alitaka angalikuwa mtu wa majumba ya watawala. Hakutaka. Alihudhuria maziko na harusi za watu wa mji wake, wala hakula chakula chao; na kwa wakubwa hakwenda, ila kwa rafiki yake mmoja wa zamani. Mlangoni pa nyumba yake alijenga ukumbi, akamweka humo mtumishi wake Rashiq pamoja na dawa. Yeye huwatazama wagonjwa na kuwaeleza dawa iwafaayo, nao huichukua kwa Rashiq. Maana aliitukuza nafsi yake isipokee malipo mkononi mwa mgonjwa. Yasimuliwa kwamba alimtibu mtoto wa Kadhi Nu'man, akapona. Kadhi akampelekea nguo na mithkali 300 za dhahabu, naye akazirudisha.

Kitabu chake mashuhuri ni Zad al-Musafir, yaani Masurufu ya Msafiri, kielezacho maradhi tangu kichwani hata miguuni. Kilifasiriwa kwa Kiyunani, Kilatini na Kiebrania, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini aliona kuwa masikini hawanufaiki nacho, kwa kuwa hawana cha kununulia dawa zake. Na kumtajia fukara dawa asiyoiweza ni sawa na kumnyima. Basi akatunga kingine, Tibb al-Fuqara wal-Masakin, akataja humo dawa za thamani ndogo, zipatikanazo kwa wepesi.

Alifariki yapata mwaka 369 wa Hijra (979), umri wake umepita miaka 80. Yasemwa kwamba aliacha dinari 24,000, na vitabu vya uzani wa kantari 25. Kuwahudumia masikini, basi, hakukumfukarisha.

Kijana wetu asomaye udaktari, na mzazi amgharimiaye, na wajiulize mapema: elimu hii itasimama mlangoni pa nani? Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Jazzar.