Tippu Tip: Pembe zilizompeleka hadi Maniema

Tippu Tip anakumbukwa zaidi kama mfanyabiashara wa watumwa, na sifa hiyo mbaya anaistahili. Lakini bidhaa iliyomvuta kutoka Unguja hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka baada ya mwaka, ilikuwa pembe za ndovu. Njia alizopita zinaonyesha jinsi tembo walivyokuwa wakipungua nyuma yake.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830, katika ukoo wa Waarabu wenye asili ya Oman waliokwisha kuchanganya damu na watu wa Mrima. Wapo wanaosema jina la Tippu Tip lilitokana na kupepesa macho kwake, na wapo wanaosema ni mlio wa bunduki zake. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Tabora na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hamed mwenyewe alianza biashara akiwa na miaka 12, akisafiri safari fupi fupi za pwani kutafuta sandarusi. Alipofikisha miaka 18 alifuatana na baba yake kwenda bara.

Wakati huo pembe zilikuwa hazipatikani tena kwa urahisi karibu na pwani. Tembo jike hubeba mimba kwa takriban miezi 22, huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hiyo hawezi kushindana na risasi, hasa wawindaji wanapowachagua wale wakubwa wenye pembe nzito, ambao ndio wazee wa kundi. Kwa hiyo wafanyabiashara walisogea: kwanza Ugogo na Unyamwezi, kisha Ujiji, kisha wakavuka ziwa. Kila waliposogea gharama za safari zilipanda, na ndiyo maana mtu mwenye mtaji mkubwa na bunduki nyingi aliwashinda wadogo. Tippu Tip alipata mtaji wake kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, maarufu zaidi kati yao akiwa Taria Topan.

Mwaka 1867 alimpiga Nsama, mtawala wa Itahwa aliyeogopwa sana kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, akateka ghala lake la pembe. Ushindi huo ndio uliolikuza jina lake. Katika safari iliyofuata, iliyomchukua kama miaka 12, alifika Utetera, katika nchi ya mto Lomami, na huko akatumia werevu badala ya baruti. Alidai kwamba yeye ni ndugu wa damu wa mtawala mzee wa nchi hiyo kupitia bibi yake. Mzee akaamini, au aliona heri kuamini, akamkabidhi utawala.

Alichokikuta huko kinaeleza mengi. Wenyeji walikuwa wakiwinda tembo kwa ajili ya nyama. Pembe walizijengea ua, walichongea vinu na michi ya kutwangia ndizi, na nyingine wakazifanya filimbi. Kwa hiyo akiba ya miaka mingi ilikuwa imesimama uani. Akiba ile ilichukuliwa kwanza, kwa shanga, kwa shaba au kwa nguvu. Ilipopungua, zamu ikawa ya tembo walio hai, na sasa mwindaji alikuwa na gobori na aliwinda kwa sababu ya pembe.

Pembe moja kubwa ni mzigo kamili wa mtu. Wanyamwezi wengi walibeba kwa ujira. Watu wa Maniema waliotekwa vitani walibeba wakiwa watumwa, na vijiji walivyoachwa navyo nyuma vilikosa mikono ya kulima. Mwisho wa safari ulikuwa mbali kuliko walivyoweza kukisia. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake, na shehena kubwa ilivuka bahari hadi miji midogo ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, Marekani, ambako zilikatwa kuwa vibao vyeupe vya piano. Nyingine zilifanywa vitana, mipini ya visu na mipira ya biliadi.

Nchi yenyewe ilibadilika sura. Tembo wa misituni hula matunda na kusambaza mbegu za miti mikubwa. Wale wa nyika huvunja vichaka na kuacha majani yaote. Wanapotoweka, kichaka husonga, na kichaka ni makao ya mbung'o. Upande mwingine, mji wa Kasongo, makao makuu ya Tippu Tip, ulizungukwa na mashamba mapana ya mpunga, mahindi na miwa yaliyofyekwa kwa jasho la watumwa. Mpunga bado unalimwa Maniema. Hata Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kinachounganisha soko la leo la Jumuiya, kilisafiri kwa misafara hiyo hiyo. Si urithi wa kujivunia bila kuuliza ulifikaje.

Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alidhani amepata mshirika. Leopold alizitaka pembe zote ziteremke mto Kongo hadi Atlantiki, wala zisipite tena Ujiji na Tabora. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Vita kati ya Wabelgiji na Waarabu vilipozuka mwaka 1892, mwanawe Sefu alipigana na akauawa mwaka uliofuata. Himaya ikaanguka, lakini uwindaji uliendelea chini ya bendera nyingine, ukifuatiwa na mpira wa msituni uliogharimu maisha ya watu wengi zaidi.

Alimaliza siku zake Mji Mkongwe, akiishi kwa mashamba yake ya karafuu. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kitabu ambacho Mjerumani Heinrich Brode alikitafsiri, na alifariki Juni 1905. Nyumba yake bado ipo Shangani. Katika bonde la Lomami, ambako aliwahi kuitwa mtawala, Serikali ya Kongo ilitangaza hifadhi ya taifa mwaka 2016. Tembo wa msituni wangalipo humo, na askari wa wanyamapori bado wanapambana na majangili wanaofuata pembe zile zile.